Majirani wa Mawaridi ya Mama Mdogo

Kitalu cha mawaridi cha nyumbani kwetu Temeke kilikuwa na ukubwa wa miswala miwili iliyotandikwa mmoja mbele ya mwingine. Najua hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokipima. Mama mdogo alitandika mswala wake wa ukindu pale uani, kati ya karo la kuoshea vyombo na ukuta wa bafu, akakwaruza mstari kwa kijiti, akausogeza mbele, akakwaruza tena. Bibi alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele. Akasema, "Ungemalizia na kusali hapohapo, maana magoti umeshayapiga."

Sasa nipo darasa la kumi, shule ya bweni huku bara, kwenye baridi ambayo sie watu wa Pwani hatuna nguo zake. Jumapili wenzetu wakienda kanisani, bweni hubaki kimya, na hiyo ndiyo saa yangu ya kuandika. Hapa wananijua kwa kutosema. Mwalimu akiuliza swali, mie hujibu moyoni, na jibu likiwa sahihi nafurahi peke yangu. Nyumbani nilikuwaga hivyohivyo. Wageni wakija nilijitia jikoni kupuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri. Ndiyo maana mwaka ule wa mawaridi siusahau, kwa kuwa ulinitaka niseme, tena niseme na watu wazima, tena jambo ambalo hakuna anayependa kuambiwa.

Nilikuwa nalelewa na Bibi. Baba na mama walikuwa Kisarawe wanalima, na mie niliachwa mjini kwa ajili ya shule. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye aliyekuwa ananichana, ananifulia, na kunisikiliza hata nisipozungumza. Aliolewa Kilwa akiwa bado msichana, na harusi ile ilifanywa harakaharaka, babu yangu akiwa mahututi. Hakusingwa mwili kwa liwa, hakupambwa. Alivishwa kanga mpya akapandishwa gari. Miaka michache baadaye alirudi na talaka yake na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Sasa alikuwa ameposwa tena, na mgane mmoja wa Chanika mwenye minazi na maneno machache, na ndoa imewekwa mwezi wa Shaabani ili Ramadhani imkute kwake.

Bibi alisema mapema kwamba mwanamke wa chuo cha pili, yaani anayeolewa mara ya pili, hapigiwi ngoma. Mama mdogo hakubisha. "Ngoma ya nini, mama. Mie nataka kikuba."

"Vikuba si vinauzwa tele."

"Nataka cha mawaridi ya humu humu uani. Safari hii nitoke kwetu nikinukia kwetu."

Kikuba si kitu kikubwa. Ni kifungu cha mawaridi, asumini na majani ya mrehani, kimefungwa kwa uzi na kubanwa kifuani ndani ya kanga, joto la mwili likayafanya yanukie. Wanawake wa kwetu huvaa kila Alhamisi jioni wala hawaoni ajabu. Lakini Mama mdogo hakukivaa siku ile ya Kilwa, na tangu hapo sikuwahi kumwona amekivaa siku yoyote. Nilikuwa najua hilo, na Bibi alikuwa anajua. Basi Bibi akaacha kupepeta mchele akasema, "Haya. Chimbeni."

Miche ya miwaridi tulikuwa nayo. Mama mdogo alikata vijiti kwa ndugu yetu wa Mtoni, yale mawaridi ya kienyeji ya rangi ya fizi za mtoto, yenye kunukia sana na kudumu kidogo, akavitia kwenye debe la mafuta ya taa lililotobolewa chini. Vinne vilishika. Kupanda tukapanda mwezi wa Maulidi, mvua za masika zikiwa zimeshapungua makali.

Kupanga nafasi nilipewa mie, kwa kuwa shuleni kwetu tulikuwa na bustani. Mwalimu wetu wa bustani, mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana, alitufundisha kwamba mwaridi unataka kupumua. Jani la huyu lisilale kwenye bega la yule. Yeye miwaridi yake aliipanda bila mmea mwingine, na ardhi chini yake imefagiwa tupu. Basi nikapima kwa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, halafu nikaongeza shubiri moja. Hiyo ndiyo nafasi kati ya shina na shina. Nikachomeka vijiti vinne, nikarudi nyuma kutazama.

Bibi naye akatazama. "Mke mwenzangu," aliniita, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "mbona umewatenga kama waliogombana?"

"Ndivyo shuleni wanavyofanya, Bibi."

"Na hapo katikati panabaki mchanga mtupu? Waridi peke yake kwenye mchanga ni kama mtu aliyesusiwa na majirani. Lazima apate wenzake."

Hapo kwa kweli sikumwona amekosea. Mchanga wa Temeke ukiachwa wazi jua huupika mpaka mguu haukanyagiki, na mwalimu wetu alikuwa na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni. Kitu kifupi cha kufunika mizizi kingefaa. Nikafikiria vitunguu vya majani, maana shuleni tulivipanda kando ya maua na vidukari vilipungua. Nikamwambia Mama mdogo kwa sauti ndogo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Unataka nimwendee bwana harusi nanuka kachumbari?"

Tukakubaliana mrehani. Mrehani hauna makuu. Wadudu hawaupendi, mizizi yake haiendi mbali, na ukizidi urefu unakata vilele, na vilele hivyo hivyo vinaingia kwenye kikuba. Niliipangia mirehani mahali, si miguuni pa miwaridi, bali kwenye nafasi zilizo kati yake, shubiri na nusu kutoka kila shina. Bibi akaipanda kwa mkono wake, kwa sababu mbegu zilikuwa zake.

Hapa lazima nieleze desturi ya uani kwetu, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mtu akikupa mche, anaupanda mwenyewe, kwa mkono wake, mahali anapopachagua yeye. Na ukishapandwa hautolewi na mtu mwingine. Ukitaka kutoka utatolewa na mkono uliouweka. Bibi alisema mche ukihamishwa na mkono mgeni hununa, na aliyeutoa hununa zaidi.

Habari za kikuba zilienea haraka. Wa kwanza kuja alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mwanamke wa Rufiji ambaye mumewe alikuwa anafanya kazi bandarini. Alikuwa hana mtoto, ana mdomo, na ana mikono ya kusuka isiyo na mfano. Alikuwa amefuga mwasumini kwenye chungu kilichovunjika shingo, alioutoa nyumbani kwao Utete mwaka mama yake alipofariki. Alitoka nao chumbani ameupakata.

"Kikuba bila asumini si kikuba," akasema. "Shoga yangu haondoki hivihivi, nami nipo."

Akapiga goti akauchimbia katikati ya kitalu, shubiri moja tu kutoka mwaridi wa pili. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Si karibu mno hapo?" Mama mdogo akauliza kwa ajili yangu, maana aliniona.

"Kwenye kikuba si wanalala pamoja? Basi wazoeane mapema."

Wote waliona neno hilo limekaa sawasawa, hata Bibi. Maua yanayopendana kifuani yatashindwaje kupendana ardhini? Kwa namna fulani na mie niliona hivyo. Yule mwanamke wa Rufiji alikuwa anajua kufunga vikuba kuliko wote wa mtaa, na kanuni aliyoitumia ndiyo hiyo hiyo, waridi kati, asumini imzunguke, mrehani wa kushikilia nje. Kitalu chetu alikifunga kama kikuba.

Wa pili alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la pembeni. Alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha wengi wetu, lakini alikuwa hatoki nje mara kwa mara. Siku hiyo alikuja amejifunika shela yake nyeupe, ameshika kishungi cha mnanaa kwenye kikombe cha bati. "Mnanaa ni baridi," akamwambia Bibi. "Utapoza mizizi, na mbu watakimbia huku bafuni." Akauweka upande wa karo, penye unyevunyevu, ukaegemea mwaridi wa mwisho. Akanywa chai, akaondoka, na uani pakabaki kama pametembelewa na mtu mkubwa.

Kwa muda kitalu kilikuwa kizuri, sitaki kusema uongo. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kilivyokuwa katika wiki zile, kijani kimejaa hadi kwenye mstari wa mswala, mirehani imetoa vishada vya zambarau, mwasumini umepanda begani kwa mwaridi wa pili na kunyoosha mkono kwa wa tatu. Watu waliokuja kuteka maji kwetu walisimama. Bibi alikuwa anajifanya hasikii sifa. Jioni Mama mdogo alikuwa akimwagilia kwa kopo, na mie nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, tunazungumza au hatuzungumzi, ni sawa tu. Sidhani kama nimewahi kukaa na mtu kwa raha kama ile.

Halafu majani ya mwaridi wa pili yakaanza kupata weupe, kama yaliyopitiwa na mkono wenye unga. Weupe ukaenda kwa wa tatu. Vitumba vilikuja, vikafika ukubwa wa punje ya kunde, vikageuka rangi ya chai na kuanguka. Ule wa upande wa karo haukutoa kitumba chochote, uliduwaa tu, na ukichimba kidogo chini yake unakuta mizizi myeupe ya mnanaa imepita kila mahali kama nyuzi za pindo.

Bibi alijaribu dawa zake. Alimwaga maji yaliyooshewa samaki, na kwa siku kadhaa paka wa mtaa mzima walihamia uani kwetu wakawa wanagombana juu ya kitalu. Akanyunyiza majivu. Akafukiza ubani, akisema haudhuru. Mama mdogo alikuwa akiamka anakwenda kwanza kwenye miwaridi kabla hajanawa uso, na mie kutoka kitandani nilikuwa namsikia: "Limeanguka jingine." Rajabu ikaingia. Asubuhi moja akasema, tena kwa furaha ya kujilazimisha, "Basi hata mrehani mtupu unatosha. Kikuba ni kikuba."

Niliona shingo yake alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa ameinama, hakutaka nimtazame usoni. Jioni ile nikamwambia nilichokuwa nakijua tangu siku ya kwanza, kwamba miwaridi haipati hewa, kwamba mwasumini umeibana, na mnanaa unainyang'anya maji. Nilisema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Najua," akasema. "Nimeona. Lakini mie ndiye ninayeolewa. Nitamwambiaje mtu chukua zawadi yako?"

"Bibi aseme."

Bibi alikuwa anatusikia kutoka jikoni. "Mie ni mwenye nyumba," akajibu. "Mwenye nyumba akimwambia mpangaji ang'oe mche wake, mpangaji atasikia kama ameambiwa afungashe virago. Na yule wa dukani nitamkosea adabu, hajawahi kuingia kwangu ila mara ile." Akatoka na mwiko mkononi, akanitazama kwa kitambo kirefu. "Mtoto akisema, ni mtoto kasema. Hakuna anayefunga mizigo kwa neno la mtoto."

Sikulala vizuri. Nilitunga sentensi, nikazipanga, nikazibomoa.

Kisingizio cha kwenda dukani nilikipata. Mke wa Mhindi alikuwa ametutumia bakuli la kitu kitamu siku ya Maulidi, na bakuli la watu halirudi tupu, kwa hiyo lilikuwa bado kwetu, linangoja. Bibi akalijaza visheti. Nikaenda kwa mlango wa nyuma, nikabisha hodi kwa sauti ambayo hata mie sikuisikia. Alinifungulia mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama askari? Ingia."

Nikampa bakuli. Nikasema visheti vya Bibi. Akashukuru. Nikabaki nimesimama. Akaniuliza kama nina la ziada, nikasema hapana, nikageuka, nikafika mlangoni, kisha nikauambia mlango, "Mnanaa umekuwa mwingi."

"Umesemaje?"

"Mnanaa wako. Umeingia chini ya mwaridi. Mwaridi hauoti." Halafu nikaongeza, kwa sababu nilihisi nimekuwa mkali, "Chai yake ni nzuri sana."

Alicheka, si kwa kunidharau. "Mnanaa ni mwizi huyo. Hata mie kwangu nimeufungia kwenye debe. Nilidhani kwenu pana nafasi." Akachukua shela yake. "Twende. Nilimleta mimi, nitamkamata mimi."

Alikuja siku ile ile, akachuchumaa karoni, akaufuata mzizi mmoja mmoja kwa vidole kama anayefumua pindo bila kuchana kitambaa. Tulimpa debe, akaupanda humo, tukauweka kivulini. Mpangaji wetu alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni, anatazama. Akasema, "Kumbe siku hizi wageni wanafukuzwa."

Mie nilijua kwamba njia yangu kwake imekuwa ngumu zaidi.

Nilijaribu asubuhi, alikuwa anafagia, nikapita. Nilijaribu jioni, mumewe alikuwa amerudi, nikapita. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kunisuka. Nilikaa chini kwenye mkeka, yeye kwenye kibao, kichwa changu kati ya magoti yake, uso wangu umeelekea ukutani. Akaanza mistari upande wa kulia. Alikuwa anasuka na kunisimulia habari za mwanamke mmoja wa Mtoni aliyemfumania mumewe akala naye chakula kwanza ndipo akagombana. Sikuwa namwona, naye alikuwa hanioni. Nikagundua kwamba hapo ndipo ninapoweza.

"Mama," nikasema, "mwasumini umeukumbatia sana mwaridi."

Mikono ikasimama. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

"Bibi yako."

"Bibi hajasema kitu. Mie mwenyewe."

"Na kukumbatia limekuwa kosa tangu lini?"

"Si kosa. Ila mwaridi haupumui. Maua yanaanguka. Mama mdogo hatapata hata moja." Nikameza mate. "Hakuvaa kikuba mara ile ya kwanza. Anataka hiki tu."

Niliona sisimizi wanapanda ukutani na kitu cheupe. Kisha chanuo likaondolewa kichwani pangu, magoti yakafunguka, na yule mama akainuka akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Upande wa kulia nilikuwa na mistari, wa kushoto nywele zimesimama kama ufagio. Bibi aliponiona alijiziba mdomo kwa kanga. "Mke mwenzangu, leo umekuwa watu wawili." Mama mdogo hakucheka. Alitaka kunimalizia, nikakataa, hata sijui kwa nini. Niliona kama nikimaliziwa na mtu mwingine mambo yataharibika kabisa. Kesho yake nilikwenda shule nimejifunga ushungi mpaka nyusi, na jua lote lile.

Niliporudi alikuwa ameketi pale pale kwenye kibao chake. Akapiga mkeka kwa kiganja, mara moja. Nikakaa. Akasuka upande wa kushoto mpaka mwisho bila neno, tena kwa kuvuta, machozi yakanitoka lakini nilishukuru. Alipofunga mkia wa mwisho akasema, "Mama yangu alikuwa akiuita ule mwasumini mwanawe wa mwisho."

Niligeuka nikamtazama.

"Nenda kaniletee kisu. Si kile butu cha Bibi yako."

Kazi ilichukua alasiri nzima. Hakuvuta. Alikata mikono ya mwasumini kidogo kidogo, akaifungua kwenye miiba ya mwaridi mmoja mmoja, anasema nao chinichini kwa Kindengereko, lugha ya kwao Rufiji. Mie nilishika matawi ya mwaridi yasimchome. Shina alilichimba na udongo wake, akalibeba hadi chini ya dirisha lake, akalipanda upya peke yake. Nilitaka kumwambia pale pana jua kali la mchana. Nilishasema ya kutosha, na pia nilihisi anajua.

Kitalu kikabaki na mashimo. Mirehani ya Bibi ilikuwa pale pale kwenye nafasi yake, imeegemea kidogo upande uliokuwa na kivuli. Mama mdogo akatia samadi ya mbuzi iliyooza, tukayakata majani yenye unga tukayachoma jikoni. Upepo ukawa unapita katikati, unauona kabisa. Majani mapya ya miwaridi yalitoka mekundu, yanang'aa, na mwanzoni mwa Shaabani vitumba vikaja na havikuanguka.

Mwasumini ulipukutisha majani yote. Ulibaki kijiti chini ya dirisha. Kila asubuhi yule mama aliumwagilia maji, akausimamia kidogo, kisha akaendelea na shughuli zake. Hakunilaumu kwa mdomo. Alipokuwa akiniita aliniita "mwalimu", na sikujua kama ni mzaha au ni nini.

Asubuhi ya ndoa tulichuma kabla jua halijagusa ukuta wa bafu. Yalikuwa machache. Mwaridi wa karo haukutoa kitu mwaka ule. Bibi alikuwa na ndoto ya kutandaza mengine kitandani, alipoona kilichomo kwenye ungo akaiacha. Yalikuwa kiganja kimoja kilichojaa, kiganja cha mtu mzima.

"Nimtume mtoto Mtoni akaombe asumini?" Bibi akauliza.

"Nilisema ya humu humu," Mama mdogo akajibu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, piko jeusi la mikononi na miguuni bado halijakauka sawasawa. Alisingwa safari hii. Bibi mwenyewe alimsinga, amewakataza wanawake wengine kuingia, na walipotoka chumbani wote wawili macho yalikuwa mekundu.

Kufunga kikuba hakuna aliyeuliza nani atafunga. Mpangaji akavuta ungo, akatoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akapanga mawaridi katikati, akazungushia mrehani. Alifanya polepole. Pale ambapo asumini ingekaa palikuwa pamelegea, na kila alipobana uzi waridi moja lilitaka kuteleza.

"Kikuba bila asumini ni wali bila nazi," akasema, bila kumtazama mtu.

Mama mdogo akamtazama yeye. "Wali mkavu ndio unaoonyesha mchele, shoga."

Bibi akaguna. Yule mama akashika uzi kwa meno, akaufungua tena, mawaridi yakarudi kwenye ungo. Akainuka akatoka. Nilidhani ameudhika, na gari la Chanika lilikuwa linatarajiwa wakati wowote na mie ndiye niliyeyaleta yote haya kwa mdomo wangu. Kupitia dirisha letu nilimwona ameinama chini ya dirisha lake. Akarudi na jani moja. Lilikuwa jani la mwasumini, dogo, jipya, kijani kibichi, wala halikuwa na harufu yoyote. Sikuwa najua kwamba kile kijiti kimeanza kuchipua. Sidhani kama alimwambia mtu.

Akalisokomeza katikati ya mawaridi, pale palipolegea. Akafunga. Kikakaa.

"Basi hapo pametimia," akasema, akampachikia Mama mdogo kifuani kwa mkono wake.

Gari lilikuja baada ya adhuhuri, lori la mtu wa nazi, limefagiwa na kutandikwa mkeka. Mawifi wa Chanika walikuwa wanapiga vigelegele vya kiasi, kama inavyotakiwa kwa chuo cha pili. Uani kwetu watu walipita kumuaga mmoja mmoja. Mie nilikuwa nimeandaa maneno tangu usiku, maneno mazuri, mengine niliyasoma shuleni. Zamu yangu ilipofika yakakauka yote. Nilisimama mbele yake nimeshika pindo la ushungi wangu.

Alinitazama, akatabasamu kidogo. Akanishika kisogo kwa mkono wenye piko, akaniinamisha mpaka pua yangu ikagusa kanga.

"Usiseme," akaniambia. "Nusa."

Nikanusa.